Mama Amekataa Kurudi Nyumbani

Handsworth, Birmingham
19 Agosti, 2007

Kaka yangu Ishaka,

Assalaam alaikum. Natumai barua hii itakukuta mzima, wewe na wifi na watoto, na kwamba lile goti sasa linakuruhusu kwenda msikitini bila mkongojo. Sisi huku hatujambo. Shemeji yako Rashad bado anaendesha basi lake la Soho Road na bado anagombana na abiria mpaka ndotoni. Nasreen amenipita urefu, na kila nikimsemesha Kiswahili ananijibu Kiingereza. Mama anakusalimu sana.

Barua hii nampa mtu anayesafiri kesho kuja huko, maana simu zangu hupokei. Najua umenikasirikia. Siku uliponikatia simu uliniambia nimtoe Mama katika ile nyumba ya wazee kabla ya Ramadhani, la sivyo nisikuite kaka tena, na kwamba utakuja kumchukua mwenyewe. Basi kaka, nilikwenda kumtoa. Nilikwenda jana na Rashad, tumeazima gari, nina sanduku la kutilia nguo zake. Nimerudi na sanduku tupu.

Niruhusu nianzie nyuma, kwa sababu wewe ulisikia vipande vipande kwa watu. Baada ya kiharusi, hospitali walimrudisha kwetu upande wa kushoto hauna nguvu na sukari inapanda na kushuka. Tukamtandikia sebuleni, maana ngazi za nyumba hizi zinamshinda hata mzima. Yule mama wa ustawi wa jamii alipothubutu kutaja makao ya wazee, nilimwambia kwetu sisi mama halelewi na watu wa mshahara. Ulimi wangu unaujua. Alikunywa chai yake akaondoka, nami nikajiona nimesema la maana.

Watu wetu nao hawakututupa. Walikuja wa Newtown, wakaja mpaka wa Coventry na Leicester. Kila Alhamisi jioni Bi Asmahan aliwaleta kina mama kumsomea Yasini, sebule imejaa, udi unafuka, hadi jirani yetu Kalasinga akauliza kama tuna harusi. Waliingia kwa kunyata, wakamshika Mama mkono, wakafuta machozi kwa ncha za mitandio, wakamwomba awasamehe kama waliwahi kumkosea. Mimi nilifurahi. Nilisema, tuko ugenini lakini Mama yangu hana upweke.

Huku Mama anapungua. Alianza kuacha mazungumzo, halafu akaacha kula. Uji anautia mdomoni kisha anausahau humo humo. Sindano ya sukari ikiletwa anaficha mkono ndani ya blanketi. Mwishowe akageukia ukutani, na ukimwita anaitika kwa adabu tu, kama mgeni. Mimi nilisema ni kiharusi, Bi Asmahan akasema ni kijicho cha watu, Rashad akasema ni baridi ya Uingereza.

Tukamwita daktari wetu, Jasbir, mwanamke wa Kikalasinga mzaliwa wa Kisumu. Alikaa ukingoni mwa kitanda akamwuliza Mama maswali ambayo niliona hayahusu kitu: analala vipi, anatamani nini, analia akiwa peke yake? Kisha akaniita jikoni.

"Huyu mama si ati hawezi kula," aliniambia. "Amekata tamaa. Hiyo ni depression, na ni ugonjwa kama sukari tu. Stroke huileta sana. Tukitibu sukari pekee yake tutampoteza, lazima tutibu zote together."

Nilichukia, kaka. Nilimwambia Mama yangu ni mtu wa swala na tasbihi, hawezi kuugua huzuni. Hakubishana nami. Aliandika vidonge, akasema turudi kwake tukiona mambo yanazidi.

Yakazidi. Vidonge mtu kafunga mdomo utampaje? Siku moja mimi niko kazini, jikoni kwa ile shule ninayopikia, Nasreen akamkuta bibi yake hana fahamu, sukari imeshuka kupita kiasi. Aliporudiwa na fahamu hospitali, madaktari walituketisha wakatwambia anahitaji muuguzi wa kumwangalia usiku na mchana, na kwamba nyumbani hatutaweza. Nilikuwa nafungua kinywa niwajibu nilivyomjibu yule wa ustawi. Rashad, ambaye nyumbani hana neno, hata kwenye harusi yetu alinyamaza, akatangulia kusema ndiyo, apelekwe. Wiki ile yote nilimpikia bila kumsemesha. Lakini nilikubali, nikilia, na ndipo ukasikia wewe.

Nyumba yenyewe iko Kings Heath. Mwanzoni sikuona tofauti. Walimbadilishia vidonge vya ile huzuni, wakamletea muuguzi wa kuzungumza naye, wakawa wanamtoa bustanini atake asitake. Mimi nikimpelekea chakula ananitazama tu. Halafu wazee mle wakapata ugonjwa wa kutapika, wageni tukazuiwa, nikakaa wiki kadhaa sijamwona. Kwa hiyo jana ilikuwa mara yangu ya kwanza kumwona tangu marufuku ile.

Kabla sijafika mlangoni nilisikia mtu anacheka, nikasema huyu ana kicheko cha Mama. Alikuwa Mama. Amekaa kwenye kiti cha magurudumu, mashavu yamejaa, anacheza karata na bibi mmoja wa Kihindi anayeitwa Champa, mjane, mzaliwa wa Unguja, aliyehamia mle karibuni. Champa alikuwa anamfokea.

"Mama Ishaka, weka karata chini. Nakuona weye, unaficha turufu."

Mama akaapa hajaficha kitu, na turufu inachungulia chini ya paja lake.

Nilimweleza Mama nimekuja kumchukua, kwamba wewe umeagiza, na kitanda chake kimeshatandikwa. Alizipanga karata zake kwa mkono mmoja, taratibu, akaniambia haendi. Nilidhani ni vidonge vinasema. Nikamwambia watu wananisema, na kaka amekasirika. Ndipo akaziweka karata mezani.

"Kwenu mlikuwa mnanizika kila Alhamisi," alisema. "Mimi nimelala natazama. Watu wananyata, wanalia, wananiomba msamaha. Nikajua madaktari wamewaambia sitapona, na mimi mnanificha. Sasa nile ili iwe nini?"

Nilimwambia hakuna aliyeambiwa kitu, na Yasini tulisoma kumtakia shifaa. Akajibu kwamba Yasini hana ugomvi nayo, anaisoma mwenyewe kila alfajiri. Ni sisi tuliokuwa tukimtazama kama jeneza. Mle makaoni, alisema, hakuna anayelia akimwona. "Huyu Champa kutwa ananiita mwizi. Mtu anayekufa haitwi mwizi."

Hilo peke yake lilinitosha, na laiti angeishia hapo. Lakini nilimwuliza kwa nini asiniulize mimi, mwanawe, niliyekuwa namuogesha kila siku. Akaniambia mimi ni mwoga, ningemdanganya. Alikuwa akikungojea wewe. Wewe hujawahi kumficha kitu, hata Baba alipofariki ni wewe uliyemwambia wakati wengine tunajikalisha jikoni.

"Ishaka akapiga simu," alisema, "akalia, akaniomba radhi. Akapiga tena, akaniomba tena. Mwanangu hajaniomba radhi tangu siku aliyooa. Hapo nikageukia ukuta."

Kaka, nisamehe kwa kukuandikia haya. Nilitamani kuyameza. Najua ulikuwa mbali, na ulichoweza kumpa mzazi wako ni hicho tu. Nilimwapia Mama kwamba hukujua lolote, nikamwapia mara ya pili mbele ya Rashad. Alinipapasa mkono kama anavyompapasa Nasreen. Hakuniamini. Anakula, anacheka, anacheza karata, na bado anakungojea wewe umwambie ni kweli au si kweli.

Mimi nikasirikie utakavyo, nitavumilia. Ila usije kumchukua. Mpigie simu. Nambari yao nimeiandika nyuma ya karatasi hii, omba kuzungumza na Mama Ishaka, wote wanamjua kwa jina hilo. Nakuomba usilie, na radhi usiiguse kabisa. Mpe habari za mtaani, nani kaoa na nani kaachwa, mbishane kidogo kama zamani. Halafu mwambie kwa kinywa chako kwamba hukuwa unajua kitu.

Nisalimie wifi na wanangu wote, na Rashad na Nasreen wanakusalimu. Tulipokuwa tunaagana Mama alinivuta sikio karibu na mdomo wake. Alisema nikwambie, ukiona uzito kupiga, usipige; atakuwa ameshapata jibu lake.

Mdogo wako,
Shemsa