Barua Tatu Nilizozifuta

Jumatatu, 3 Machi
Mke wangu amekosa kazi. Mkuu wa mtandao, hospitali kubwa — usaili alishapita, hata meza walishamwonyesha. Leo wamekagua vyeti. Kile cha usalama wa mitandao kimeisha muda wiki mbili zilizopita. Vyeti hivi vina mwisho. Kila miaka mitatu unafanya mtihani mfupi, kinaendelea. Ukichelewa siku moja, unarudi kuanza moja. Miezi minane ya kusoma.

Nimemkuta amekaa kwenye ngazi za nje, viatu mkononi. "Mimi mzembe, baba watoto. Nimesahau tarehe yangu mwenyewe."

Nikampa pole. Mimi, nikampa pole.

Hakusahau. Hakukumbushwa. Alijiandikisha kwa anwani yangu ya barua pepe, wakati ule yake imeibiwa. Barua za kumkumbusha zilikuja kwangu. Tatu. Nilizisoma, nikazifuta zote.

Basi. Nimeandika.

Jumanne, 4 Machi
Tumeshinda juu ya dari tunavuta waya za mtandao, mimi na fundi mwenzangu Kipara. Joto, vumbi mpaka kooni. Kipara anasema bosi anataka kila fundi awe na cheti kabla mwaka haujaisha. Akanigeukia. "Mzee wa Waya, si wewe uliyetuambia karatasi haivuti waya?"

Kweli, nimeuimba wimbo huo miaka.

"Au ndiyo sizitaki mbichi hizi?" Akacheka peke yake.

Mtihani wa cheti kile kile cha mke wangu nimeufanya mara mbili. Nimefeli mara mbili. Hakuna anayejua. Mke wangu alianza kama mchapaji wa barua. Mimi ndiye niliyemwonyesha swichi ya mtandao ni kitu gani, kebo inaingia wapi. Akaufanya mara moja tu, akapita. Siku ile dada yake akanitania mbele ya watu: "Shemeji, sasa mwalimu atambebea mwanafunzi begi!" Watu hoi. Nami nikacheka — kwa meno.

Halafu simu za kazi zikaanza kumtafuta yeye. Mimi bado niko darini.

Kama karatasi ni bure, nilihangaika nini kuzifuta zile barua?

Alhamisi, 6 Machi
Ameanza kusoma upya. Kitabu kile kile, jalada limeshatoka. Akaniomba nimuulize maswali huku anakunja nguo. Nikamuuliza. Yote kajibu. Kuna moja nililisoma vibaya, akanisahihisha bila kuinua macho: "Soma tena, mwalimu wangu." Akatabasamu. Mara ya kwanza tangu Jumatatu.

Nikaenda bafuni nikafungulia maji, asinisikie.

Ijumaa, 7 Machi
Kapiga simu ofisi ya vyeti. Wamemwambia barua zilitumwa, wakamtajia anwani. Yangu.

Nikajua leo ndiyo leo. Wapi. Alikuja kunibembeleza. "Usijilaumu, mume wangu. Zitakuwa zimeingia kwenye barua taka, na kule nani anaangalia?"

Na kuna nafasi. Mwenye anwani akiandika kueleza kwa nini hazikumfikia, wanaweza kumruhusu afanye ule mtihani mfupi. Hospitali wamekubali kumsubiri mpaka Jumatano. Ameshaniandikia barua yenyewe, mistari minne: ziliingia kwenye barua taka, sikuziona. Mimi niweke sahihi tu.

Uongo umeandikwa na mtu asiyejua kuwa ni uongo. Umeletwa mpaka mkononi, na kalamu juu yake.

Jumamosi, 8 Machi
Sijasaini. Nimemwambia nitaisoma vizuri kwanza.

Barua za ofisi kama zile huacha alama zikifunguliwa. Wenyewe wanaona siku na saa. Yeye analijua hilo kuliko mimi, ila haimwingii akilini kwamba zilifunguliwa. Wakiangalia, ataonekana yeye ndiye mwongo. Na mwongo hakabidhiwi usalama wa hospitali, wala wa kibanda.

Nimejiuliza swali moja mchana kutwa. Kama alama hizo zisingekuwepo, ningesaini?

Ningesaini. Hilo nalo liandikwe.

Jumapili, 9 Machi
Shemeji kaja asubuhi kuwachukua watoto. Nyumba ikatulia. Nikaandika barua yangu mwenyewe, ukurasa mzima: siku nilizozifungua, saa, nilivyozifuta. Nikampelekea mezani.

Akasoma. Akavua miwani, akaifuta kwa upindo wa gauni, akasoma tena. Hakulia. Hakunitukana. Angenitukana ningeshukuru.

"Ya tatu uliifungua mara mbili," akasema. "Umeandika mwenyewe."

Nikasema ndiyo.

"Mara ya kwanza ni kijicho. Sawa, binadamu. Mara ya pili ulikuwa unatafuta nini?"

Nikasema sijui.

"Unajua. Miaka kumi na tisa nalala na wewe, nakujua ukijua." Sauti yake ya chini kabisa, ile ya kuongea na mgonjwa. "Mdomo umekwama, kaandike kwenye hilo daftari lako. Mimi nipo hapa. Barua siitumi mpaka nilisome."

Niko chumbani. Mlango uko wazi. Namwona mgongo tu, na kompyuta imewashwa mbele yake. Barua imeshaambatishwa. Imebaki kubonyeza.

Haya. Mara ya pili zilikuwa zimebaki siku nne. Barua ilikuwa bado kwenye kapu la taka, ningeweza kuirudisha. Niliifungua nione kama muda bado upo.

Ulikuwepo.

Asubuhi hiyo alikuwa amenipigia pasi shati la kazi. Nikaifuta tena, ile ya kufuta moja kwa moja. Kompyuta ikaniuliza kama nina uhakika. Nikabonyeza —

Anauliza kama nimemaliza.