Maji Yanayofuata Mteremko

Kwako baba mpenzi,

Shikamoo. Natumaini hujambo, na kwamba goti lako siku hizi linakuacha ulale. Mimi ni mzima, ila nimechoka, baba. Kuchota maji ya watu na kuyapeleka maabara si kazi nzito. Kinacholemea ni kuwarudishia majibu. Ningekupigia simu, lakini nakujua: utanitania, nitacheka, na nililotaka kusema nitalimeza.

Nilipokuja juzi juzi na mvua ile, ulinikuta kisimani na shati kuukuu, nimelowa chepechepe. Ulicheka ukasema ofisi imeshindwa hata kuninunulia koti. Koti ninalo. Ila makoti ya mvua mengine hutiwa kemikali za ukoo uleule tunaoutafuta majini, na chembe ikidondokea kwenye chupa kipimo kinaharibika. Mara ya kwanza nilichota nimelivaa, kwa uvivu tu, na majibu yalipokuja mabaya nilimshukuru Mungu kwamba nimeboronga. Ndiyo maana nilirudi bila koti wala mafuta mwilini, nikiomba kosa liwe langu.

Majibu ya pili ni yaleyale. Maji yetu hayafai kunywewa.

Tumepima hadi kule mwinukoni, kwenye uwanja wenu wa mazoezi ya zimamoto. Lile povu mlilozimia moto, ambalo wakubwa wenu waliwaambia ni sabuni tu, halikukauka likaisha. Kemikali zake haziozi. Nyingine zimeng'ang'ania udongo, na kila mvua kubwa inazisukuma chini kidogo, mpaka zimefika kwenye maji ya ardhini. Maji hayo nayo hayatulii, yanafuata mteremko polepole, na sisi tuko mteremkoni. Wewe umestaafu, uwanja umeota majani, lakini udongo ule bado unavuja. Wala kuchemsha hakusaidii: maji hupanda na mvuke, zenyewe hubaki sufuriani.

Najua utasema ni wewe uliyelimwaga. Usijitwishe, tafadhali. Ulifanya kazi kama ulivyofundishwa, na kazi hiyo ndiyo iliyonisomesha. Hasira ninayo, tena nyingi, ila si kwako.

Sasa lililo gumu. Mkuu wangu ametuagiza tufunge midomo mpaka tangazo litoke, eti watu watataharuki. Nimeshindwa. Leo asubuhi nimempigia jirani yetu, mama mapacha, anayekorogea wanawe maziwa ya unga kwa maji ya kisima chetu. Nimemwambia kabla yako, na nimemwambia kemikali hizo zimetoka wapi. Akauliza kama wewe unajua. Nikamjibu bado. Akasema basi hawezi kuyaamini hayo, maana mzee hajawahi kumpa mtu kitu kibaya, na kwamba jioni atakuja kuteka kama kawaida.

Kibarua huenda kikaota nyasi, nalijua hilo. Dereva wetu anapita huko mchana huu. Nimemwomba akukabidhi barua hii mkononi, pamoja na madumu ya maji aliyobeba. Unywe hayo, na mapacha wapate yao.

Baba, miaka yote hukumnyima mtu maji. Leo jioni atakuja na ndoo yake. Mnyime.

Nisalimie shangazi, na wote watakaoniulizia wape pole zangu. Mungu akutunze mpaka nije mwenyewe.

Ni mimi kitinda mimba wako,
mchota maji