Mkono Niliouachia

Itebero, Ijumaa

Mama Neema mpenzi,

Nakusalimu wewe na mtoto wetu. Mmeamkaje huko Kingi? Kifua cha Neema kimetulia, au baridi ya milimani bado inamkohoza? Mimi ni mzima, mihogo ya huku haijaninyima shibe. Barua hii namkabidhi yule mfanyabiashara wa Butembo anayeleta chumvi na sabuni Kashebere.

Najua unangoja nikutajie siku ya kuja. Kwanza nisikilize, na usinihurumie haraka.

Nilikwambia nafundisha judo hapa, wanaume kwa wanawake, juu ya magunia tuliyojaza maganda ya mpunga. Nimeanza tena kuvaa yale mavazi unayoyaita pijama. Kwa sababu ya kazi hiyo katekista, mwenye nyumba ninamolala, aliniahidi chumba cha pili mtakapofika. Huku mwalimu wanamwita Metre. Metre hapa, Metre pale, nikaanza kutembea kifua mbele. Ungenicheka.

Wiki tatu zilizopita nilikuwa natoka Kashebere na gunia la maharagwe mgongoni, kamba kwenye paji la uso. Wanafunzi wangu wawili, watu wazima wenye familia zao, walinifuata kwa mbali. Huku mtu akikukuta unapanda mlima na mzigo, anauinua kidogo kwa nyuma ili kamba isikukate. Haombi ruhusa, hata salamu inakuja baadaye. Nimesaidiwa hivyo mara nyingi. Lakini siku hiyo nilipohisi mkono begani, mwili wangu ulirudi shambani kwetu, siku ile wenye bunduki waliponikamata kwa nyuma. Nikaachia mzigo, nikaukamata ule mkono, nikamrusha mtu juu ya bega langu.

Alikuwa Papa Anselme, mzee anayelima kando ya njia.

Mwalimu wangu wa Goma alitufundisha kwamba unayemrusha yuko mikononi mwako mpaka atue salama. Unaushika mkono wake na kuuvuta juu kidogo, asiumie. Hilo nalirudia kila siku kuliko hata kurusha kwenyewe. Kumrusha naweza kusingizia woga. Lakini nilikwisha kuuona uso wake, nikaona mvi, na bado nikauachia mkono. Kitu ndani yangu kilitaka mtu aumie, yeyote yule. Naona haya kuandika hivyo, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Mfupa wa bega ulivunjika. Tulimbeba mpaka hapa, watu wakajaa, wengine na mapanga kutoka mashambani. Unajua wanavyosema, kwamba sisi wakimbizi wa huko Masisi tunakuja na vita yetu. Kabla sijafungua kinywa, Papa Anselme akasema, "Niliteleza mu matope. Huyu njo alinibeba." Watu wakanishika mkono kunishukuru. Kesho yake mke wake akaniletea kuku wa asante. Nilimpokea yule kuku, Mama Neema, na nilimla.

Nilikwenda kumwuliza kwa nini alisema vile. "Bangekufanya nini?" akanijibu. "Batu iko na kasirani siku hizi. Nyamaza, mutoto yangu, bibi yako na mutoto banakuja."

Nikanyamaza. Nilikuwa namlimia shamba asubuhi, na watu walizidi kunisifu kwa hilo.

Jumanne tulipoanza mazoezi, mmoja wa wale wawili akasema mbele ya wote, "Metre, leo utufundishe ile ya Papa Anselme. Ile yenye inavunja." Mwenzake akacheka. Kumbe wamekwisha kuipa jina, na wanaijaribu wao kwa wao huko nyuma ya kanisa. Mimi nilidhani nafundisha kwa kinywa. Yote niliyosema juu ya heshima na kumlinda mwenzako hawakuyachukua, walichukua kile mwili wangu ulichofanya pale mlimani. Niliwaambia waende nyumbani. Sikuweza kuwatazama.

Jumapili baada ya misa nitasimama niseme ukweli. Nimemjulisha Papa Anselme, naye amekasirika. "Basi utaniita mubongo mbele ya kanisa?" Akageukia ukuta. Ana haki, nitamfanya mwongo mbele ya watu. Nimechelewa mno kiasi kwamba hata ukweli wangu utamwumiza yeye. Lakini nikikaa kimya, kuna mwingine atakayevunjwa na mikono niliyoifundisha.

Kwa hiyo msije. Chumba sitakipata, na huenda nikafukuzwa hapa, au vibaya zaidi. Nikiwa hai nitakuandikia nilipo.

Nisalimie mama mkwe na wateja wake wa maziwa, na shemeji yangu mchunga ng'ombe, asiuze yule dume wetu. Msalimie pia dada yangu Esperance, mwambie aniombee.

Neema akiuliza kwa nini hamji, usimwambie ni vita. Mwambie ni baba yake.

Mume wako,
Deogratias