Nani Anakunywa Betri ya Gari Letu?

Mpendwa Manang Sabel, dada yetu wa redioni,

Naomba msaada wako, na naomba usinitaje jina, majina mengine humu nimeyabadilisha yote, kwa sababu huku Oton kila nyumba inafungulia redio kipindi chako na shemeji yangu ndiye wa kwanza kuongeza sauti, na barua hii inamhusu yeye.

Mimi ni mke wa baharia. Mume wangu Renante alipanda meli baada ya Krismasi, akaniachia mama yake, Nanay Consing, ambaye figo zake hazifanyi kazi na kila wiki lazima apelekwe mjini Iloilo kusafishwa damu kwa mashine, akaniachia na gari dogo alilolinunua kwa ajili ya safari hizo tu, maana Nanay hawezi tena kubanana na watu kwenye jipni za abiria, na nyumba ya nyuma anakaa kaka mkubwa wa Renante, Manong Elpidio, ambaye ndiye anayembeba mama yake kutoka kitandani mpaka garini, kwa sababu mimi nguvu hizo sina.

Sasa Manang, gari tunaliegesha zima, lakini asubuhi ya safari ukigeuza ufunguo linasema tk, halafu kimya. Tukaweka betri mpya, nayo ikalala vilevile. Huwa jirani anatuazima umeme kwenye jipni yake, lakini safari iliyopita jirani hakuwepo, Nanay ameshavaa, amekaa kitini mlangoni na kibegi chake mapajani, nikageuza ufunguo mpaka kidole kikauma, na hatukwenda. Kesho yake miguu ilikuwa imevimba na pumzi anaivuta kwa shida, na bado ananituliza mimi kwa kuniita Inday, yaani binti, "Usijali Inday, nitakwenda safari ijayo," wakati mimi naogopa kwamba safari ijayo haitamkuta.

Nikamwita fundi. Akafungua waya wa hasi kwenye betri, akaweka mita yake katikati, akasema gari limezimwa lakini umeme unatoka. Akachomoa fyuzi moja moja, zote, na namba kwenye mita haikushuka hata kidogo. Akaniuliza, "Mama, kuna kitu mmeongeza humu? Kengele ya wezi? Spika?" Nikamwambia hakuna, gari liko kama lilivyotoka dukani. Akakuna kichwa, akasema, "Basi ulizaneni wenyewe humu nyumbani, mimi nitarudi," akaondoka. Manang, maneno hayo yalinichoma, nikaelewa anamsema nani.

Kwa sababu niliwahi kumkuta Manong Elpidio amekaa ndani ya gari, mlango wazi, anasikiliza redioni habari za jogoo wa kupigana. Nikamnyang'anya ufunguo wa akiba, nikaulaza chini ya mto wangu pamoja na wa kwangu, na betri ikalala, nikajua amechonga wa tatu. Nikafunga uzi kwenye mlango wa gari, asubuhi uzi upo na betri imelala, nikajua ameufungua akaufunga tena. Juzi nikashindwa kuvumilia, nikamwambia mbele ya majirani, "Manong, unamuua mama yako kwa ajili ya jogoo!" Akaniangalia, akasema, "Inday, gari lako sijaligusa tangu uchukue ufunguo. Kama unaniona mimi ni mtu wa namna hiyo, sema tu nihame." Akaingia ndani. Tangu hapo anakuja kumhudumia mama yake na mimi hanitazami.

Nasali sana. Garini tuna Santo Niño, Mtoto Yesu wetu, mume wangu alimweka juu ya dashibodi siku chache kabla ya kuondoka na akamfungia taa kwa mkono wake mwenyewe, ni nadhiri yake kwamba taa hiyo haitazimika mpaka arudi salama, na hata sasa ambapo ni Kwaresima na Nanay amemfunika kitambaa cha zambarau kama wanavyofanya kanisani, taa tumeiacha iwake humo humo chini ya kitambaa. Namwomba anionyeshe mwizi, naona amekaa kimya.

Jumapili meli inatia nanga na Renante atapiga simu. Nimeamua kumwambia achague, kaka yake au mimi. Naomba unifundishe nimwambie kwa maneno gani, asije akadhani nawachukia ndugu zake.

Ni mimi,
Mke wa Baharia

*

Mke wa Baharia,

Barua yako nimeirukisha foleni kwa sababu Jumapili iko karibu. Lakini kabla ya yote, inuka sasa hivi uende garini ukatoe hicho kitambaa. Balbu inayowaka usiku na mchana chini ya nguo, ndani ya gari lililofungwa juani, inaweza kukuunguzia gari na nyumba na Nanay akiwa ndani. Nenda, nakusubiri.

Umerudi? Haya, sasa tuongee.

Pole, dada yangu. Kumuuguza mama mkwe huku mume yuko baharini si mchezo, na naona wazi unampenda huyo mama. Lakini umenikasirisha. Ulificha funguo na betri ikalala; badala ya kumwacha shemeji yako apumzike, ukamchongea ufunguo wa tatu kichwani mwako. Uzi ukaukuta mzima. Ukampa na ujanja wa kufunga uzi gizani. Hebu niambie, mtu huyo angefanya nini ili wewe uone hana kosa?

Fundi alikwambia kila kitu, wewe ukasikia ulichotaka. Mita ilionyesha umeme unatoka mchana kweupe, mmesimama pale wawili, na shemeji yako hayumo garini. Huyo mwizi aliiba vipi mkimtazama? Fyuzi zote zikatolewa na namba haikushuka. Maana yake ni kwamba kinachokunywa hakipiti kwenye fyuzi, kimeungwa moja kwa moja kwenye betri. Ndiyo maana akakuuliza kama mmeongeza kitu. Ukamjibu hakuna.

Najua kwa nini. Hata mimi ningejibu hivyo. Nani nyumbani kwetu anamwita Santo Niño "kitu"? Tunamshonea nguo, tunamchezea ngoma, tunamwambia shida zetu. Sawa, yeye si kitu. Lakini balbu yake ni kitu, Inday, na waya wake ni kitu, na umeme anaotumia hautoki mbinguni.

Taa ndogo hivyo hailazi betri kwa usiku mmoja. Ila gari lako linakaa siku kadhaa bila kuwashwa, taa inakunywa kidogo kidogo, na safari ya mjini hairudishi umeme wote ulionywewa. Unasema umemwomba akuonyeshe mwizi akakaa kimya? Dada, alikuwa amekuwashia taa kabisa!

Sasa fanya hivi. Mwite fundi arudi leo, na safari hii mwonyeshe sanamu. Aweke mita gari likiwa limefungwa, asubiri litulie, kisha aufungue waya wa taa pale kwenye betri. Namba ikianguka, mmempata. Ikibaki juu, atafute waya mwingine ulioruka fyuzi, asisahau na altaneta, ile dinamo inayochaji betri. Betri yenyewe aipime, kwa sababu betri iliyolala mara nyingi huumia hata ikiwa mpya. Mpaka athibitishe limepona, usilitegemee gari hilo: kaongee na jirani leo, si asubuhi ya safari Nanay akiwa tayari amekaa kitini. Na hospitali wapigie simu leo hii, waeleze alikosa mashine na miguu imevimba. Pumzi ikizidi kuwa ngumu, usingoje safari wala fundi, mpeleke.

Nadhiri usiivunje, ihamishe. Weka taa nyingine ndani, kwenye altare karibu na kitanda cha Nanay. Iwashe hiyo kwanza, ndipo ya garini izimwe. Jumapili Renante akipiga simu, mweleze habari za waya, na umwambie taa yake inawaka pale mama yake anapolala. Habari za kuchagua kati ya kaka na mke zifute. Aliiwasha taa ili arudi awakute wote.

Limebaki moja, na hilo fundi hawezi kukusaidia. Jina lako sijalitaja, na majina mengine umebadilisha. Lakini ni nani mwingine hapo Oton aliyepigiwa kelele za jogoo mbele ya majirani? Umesema mwenyewe kwamba shemeji yako huongeza sauti. Basi ameshasikia, na majirani wale wale wamesikia. Ni sawa. Ulimtia doa hadharani, nami nimelifuta hadharani.

La kwako ni samahani. Chukua ule ufunguo wa akiba chini ya mto, nenda nyumba ya nyuma, mwite Manong, umpe mkononi, usimwekee mezani. Asipofungua haraka, simama hapo hapo mlangoni usubiri. Yeye anakusubiri tangu juzi.