Kahawa Niliyotoka Nayo Ihembe

Jumanne, siku ya nne kisiwani

Kamba hii ya plastiki ya wageni wa hoteli mkononi inanikera. Kwetu Ihembe mgeni akifika hupewa kahawa ya kutafuna, punje zilizochemshwa zikakaushwa, kabla hata ya kuulizwa habari za safari. Hapa Karibiani wamenifunga kamba kama mbuzi wa mnadani, basi.

Nami nilikuja na kahawa yangu, nimeifunga kwenye jani kavu la mgomba, nimpe mwenyeji. Sijawahi kwenda kwa mtu mikono mitupu. Leo asubuhi nikamuuliza Adela, binti yangu aliyenileta huku, mwenye hoteli ni nani.

"Mama, mwenyewe anaishi Ulaya. Hata wafanyakazi hawamjui. Wewe pumzika tu!"

Nitapumzikaje kwa mtu ambaye hayupo?

Nikaamua kumwachia dada anayetutandikia vitanda. Nikaweka kifurushi juu ya mto, tukaenda baharini. Tumerudi, shuka zimenyooshwa, kahawa yangu iko kwenye pipa la taka. Kaona ni uchafu.

Adela kacheka mpaka machozi. Mimi sikucheka.

Nimeiokota. Nimekaa kitandani, natafuna peke yangu. Siku ya nne leo, ndiyo kwanza nimejikaribisha mwenyewe.