Mkono wa Kuume wa Papa

Papa,

Ni mimi, Furaha. Leo nimepiga gitaa yako.

Tulipotoka kukuzika, Mama aliifunga katika kikwembe chake, akaisimamisha nyuma ya kabati. Miezi ikapita, hakuna aliyeigusa. Leo mchana akaitoa mwenyewe, akaniwekea magotini, akarudi jikoni.

Unakumbuka tulivyoanza? Ugonjwa ulikuwa umekupooza mkono wa kuume, na kwaya ya hapa Bagira ilikuwa imeshapata mpigaji mwingine. Siku moja natoka kazini Nyalukemba, nakukuta umepakata gitaa, vidole vya kushoto vimebana nyuzi, na hakuna wa kuzipiga. Ukasema, "Ikala hapa, Furaha. Nipe mukono yako."

Nikaketi kuumeni kwako. Wewe ukabana, mimi nikapiga. Mara nne kwenda chini, basi. Wiki nzima hiyo tu! Kisha ukanionyesha namna ya pili: chini, chini-juu, juu, chini-juu. Nilikuwa nikizipiga nyuzi kama mtu anayetwanga majani ya sombe, nawe unacheka mpaka machozi, ukiniita maman kama ulivyozoea. "Usitwange, maman! Pangusa tu." Na ulisema mkono ukipita bila kugusa uzi, niuache upite, wimbo unapumua hapo.

Papa, jioni zile tulikuwa mpigaji mmoja.

Halafu ile Jumamosi. Uliniita, nami nilikuwa nimechoka. Nikakujibu, "Kesho, Papa." Ukasema, "Haina shida." Asubuhi hukuamka.

Nisamehe. Sijamwambia mtu neno hili, hata Mama.

Sasa mkono wa kushoto ni wangu pia, na haujui kitu. Akordi mbili tu nilizokumbuka kwa kutazama vidole vyako. Leo nilipofika kwenye kubadilisha akordi, nikapotea, mkono ukasimama. Ndipo nikasikia sauti kutoka jikoni. Mama! Alikuwa ameushika wimbo, anauvuta polepole, ananingojea. Hajaimba tangu uende, Papa. Hata kanisani hafungui kinywa. Akaja mlangoni, mikono inachuruzika maji, akasema, "Rudilia."

Nikarudilia mpaka vidole vikachubuka.

Sasa anautaka ule wimbo wa lugha ya Mashi mliokuwa mkiimba mkiwa wachumba kule Miti. Maneno anayo yote. Mimi sijui hata unaanzia wapi, lakini nitaupata, nakuahidi, hata ukinichukua mwaka.

Pumzika, Papa. Mama nitamwimbisha mimi.

Binti yako,
Furaha