Kalekye, Nimefungua Droo ya Chini

Kalekye, mwiitu wa mwaitu,

Nimeanza kwa kukuita binti wa mama yangu, vile tulifunzwa nyumbani, ili usidhani nimekosa adabu. Adabu bado ninayo. Kilichonipungukia ni upole, na hilo utaliona huko mbele.

Acha nikupe habari kwanza. Saluni yako hapa mjini Wote iko wazi. Binti yako Mwikali ndiye anasuka na kupamba maharusi siku hizi, na nyusi anachora vizuri kuliko wewe. Usikasirike. Wewe uliwachorea watu nyusi za kushtuka, bibi harusi akaonekana kama ameambiwa bwana ametoroka. Mimi bado niko kule nyuma kwenye jiko la makaa. Nimenenepa. Wateja wapya hunidhania mlinzi, halafu wananiona nimevaa aproni yako ya maua na wanakosa pa kuangalia.

Rafu ya droo bado iko vile niliipanga. Unakumbuka nilivyokuja kwako? Miaka arobaini na sita, mbuzi wote wameishia kwenye kiangazi kule Tseikuru, nina begi moja na mtungi wa asali. Hukunionea huruma, na kwa hilo nilikushukuru. Ulisema tu, "Kaa hapo. Utakuwa unanikorogea mafuta." Lakini mimi kabla ya kukoroga niliona vipodozi vyako vimetupwa kwenye beseni moja kama viazi. Lipstiki imeyeyukia kwenye poda, brashi zimelala chali, sponji ina ukungu. Nikashindwa kuvumilia. Nikatengeneza rafu kwa mbao za makasha, droo sita. Lipstiki kuanzia nyeupe-nyeupe mpaka ile ya damu ya mzee. Brashi nikazisimamisha ndani ya mkebe wenye punje kavu za ndengu ili nywele zisipinde. Kilichofunguliwa kinakaa mbele, kipya kinakaa nyuma, vifuniko vyote vimeangalia juu. Ulicheka mpaka ukashika ukuta. "Kioko, wewe Mungu alikuwa na haraka siku hiyo. Ulikuwa uwe msichana." Hiyo nimewasimulia watu wengi, na bado inanichekesha.

Lakini droo ya sita, ya chini kabisa, uliniambia ni yako. "Hiyo ni ya vitu vya kike." Siku moja niliivuta nikidhani skrubu imelegea, nikaona pedi zimejaa mpaka juu. Niliifunga kama mtu aliyeshika sufuria ya moto, na sikukuangalia usoni mpaka jioni. Sisi tumelelewa hivyo. Mwanaume hapeleki mkono mahali kama hapo, hasa kwa dada yake. Ulinijua, Kalekye. Ulijua hakuna kufuli ambayo ingenizuia kama zile pedi.

Basi tukapika mafuta yetu. Asali na nta kutoka Tseikuru, mbarika ya kukamuliwa nyumbani kwetu Tulia, na ute wa kiluma, ule mshubiri unaoota kwenye ua wa kila mtu na hakuna anayeuthamini. Nachuja, nakoroga, nasubiri yapoe mpaka yaanze kuwa mazito. Halafu unakuja na kitambaa chako kichwani na kuniambia, "Kioko, toka nje niyaombee mafuta."

Nami natoka. Mlango unafungwa. Nasimama pale kando ya tangi la maji, nimevua kofia, dakika kumi, wakati mwingine kumi na tano. Jua linanipiga utosini na sithubutu kuvaa kofia, maana ndani kuna maombi. Wanawake waliokaa kwenye benchi kule mbele wanapunguza sauti. "Mafuta ya Kalekye yana maombi," ndivyo walivyosema, na nyuso zao zilikuwa ushahidi. Madoa yanaisha. Mtu anaingia mweusi kama sisi, baada ya mwezi anang'aa.

Unakumbuka ile Jumapili ya akina mama? Mchungaji alisema mwenye ushuhuda asimame, nikasimama mimi, mwanaume peke yangu. Nikasema hakuna dawa ya dukani ndani ya kile kikopo, ni asali, nta, mbarika, kiluma na mkono wa Mungu. Watu wakapiga makofi. Wewe ulikuwa mstari wa pili, unaangalia viatu vyako. Nikajiambia, ona dada yangu alivyo mnyenyekevu.

Halafu miguu yako ikaanza kuvimba, na uso asubuhi unaamka umejaa. Tukaenda hospitali. Daktari alikuwa msichana mdogo, mpole, kalamu mkononi. Akakuuliza, "Mama, unajipaka nini kwenye ngozi?" Nikajibu mimi. Nani alinituma? Nilijibu kwa maringo: "Daktari, huyu hanunui, anatengeneza mwenyewe. Ni asali tu na vitu vya shambani." Hata nilimwahidi kumletea kikopo. Akauliza tena, safari hii akikuangalia wewe: "Hakuna krimu yoyote ya kung'arisha?" Nikacheka. Nilicheka, Kalekye, nikamwambia sisi ndio tunapigana na hizo krimu. Ukageuza uso ukutani. Nikadhani umechoka. Akaandika nilichomwambia.

Wiki tatu tu, ukaenda.

Ungesema. Kama ulinionea haya, ungenifukuza tu kama siku zote. Toka nje Kioko. Ningetoka, unajua ningetoka, ningevua na kofia. Halafu ungemwambia yule msichana ukweli, mimi nisijue mpaka leo, na wewe ungekuwa hai unanicheka aproni.

Nimeenda mbio. Hujajua nimejuaje.

Baada ya kukuzika pale Tulia nilirudi jikoni. Nikapika vile vile, kipimo kile kile, na mlango nikaufunga nikaomba mwenyewe. Mwezi haukuisha kabla Mama Mbinya wa kwaya hajaniletea kikopo. "Kioko, haya mafuta yamelala." Nikamwambia ni yale yale. "Si yale yale. Marehemu alikuwa na mkono. Wewe unaomba kweli ama unanung'unika tu?" Na mashavu yake yalikuwa yameanza kurudi rangi ya zamani, lakini vibaya, mabaka meusi kama ramani. Wengine wakaja na hayo hayo. Nikajua kasoro ni mimi. Nikaanza kuomba kwa sauti mpaka jirani wa chipsi akapunguza redio. Nikafunga siku mbili bila kula, mimi ambaye chai ya saa nne ikichelewa naanza kutetemeka. Mafuta yakaendelea kulala.

Halafu Mwikali akataka nafasi ya vitu vya maharusi. Nikamwambia, hiyo droo ya chini ni ya mama yako, ifungue wewe, mimi sitaki kuona. Nikageuka. Nikasikia anatoa pakiti za pedi moja moja. Halafu akaacha kutoa. "Anko, njoo uone."

Mikebe midogo myeupe, safu tatu, maandishi ya lugha ambayo hata Mwikali na shule yake hakuijua. Iliyofunguliwa mbele, mipya nyuma, vifuniko vimeangalia juu. Ulijifunza kupanga kutoka kwangu. Na pembeni, kale kamwiko kadogo tulikotafuta mpaka tukanunua kengine. Kalikuwa bado na mafuta yetu ya manjano, na ndani ya manjano kuna weupe uliochanganyika nusu.

Nilipeleka mkebe mmoja kwa dada wa duka la dawa. Hakuhitaji hata kuusoma wote. Akasema hii inachubua ngozi kwa zebaki, imekatazwa, na zebaki ikiingia mwilini inaenda kwenye figo. Akauliza, "Ni nani anatumia?" Nikamwambia alikuwa anatumia dada yangu. Akanipa pole. Nilitoka nje nikafika mbali kidogo ndipo swali lake likanirudia vizuri. Maana hukujipaka peke yako. Ulikorogea nusu ya kanisa.

Labda uliomba pia. Zile dakika kumi zilikuwa ndefu, kukoroga hakuchukui dakika kumi. Nakupa hiyo nusu.

Na usidhani sijajiuliza kwa nini. Najua wapi ilianzia. Shangazi alikuwa anakuita Makaa, kila akija Tulia, mbele ya wageni. "Makaa, leta kiti." Watu wakacheka. Mimi pia nilicheka. Nilikuwa mdogo, lakini nilicheka, na nimelikumbuka hilo kuliko mambo mengi makubwa. Ningependa hilo linitoshe nikuelewe. Halinitoshi. Wewe ulijua uchungu wa kuitwa Makaa, halafu ukamuuzia kila mwanamke aliyekuja kwako ule ule wasiwasi ndani ya kikopo, na kifuniko kikaandikwa asili.

Mwikali alilia, halafu akasema, "Anko, tuitupe hii mikebe chooni tunyamaze. Mama amelala. Wakijua watasema alijiua kwa kutaka weupe, na mimi nitampamba nani?" Nilimwelewa. Nikanyamaza. Jumapili mbili, Kalekye. Na hizo Jumapili mbili Mama Mbinya aliimba mbele yangu akiwa amepaka kikopo cha zamani, maana alikuwa ameweka akiba ya vikopo vyako viwili na anavitumia kidogo kidogo, Jumamosi, ili ang'ae kwenye kwaya. Aliniambia mwenyewe, kwa siri, kama mtu anayekuonyesha dhahabu. Mimi nikamwangalia, nikasema, "Vizuri." Usifikiri barua hii inakusema wewe peke yako.

Jumapili ya tatu akina mama walibaki kwa mkutano wao. Nikaomba nafasi. Nilisema yote, mikebe, zebaki, figo, mlango uliofungwa. Nilisema wenye vikopo vya zamani wavilete na waende wapimwe. Sauti yangu ilikuwa kama ya mbuzi, nisikudanganye. Hakuna aliyepiga makofi. Mama mmoja wa nyuma akasema, si kwa kunong'ona, "Mafuta yamemshinda, sasa anamchafua marehemu." Mwingine akasema ningengoja hata kaburi likauke. Mwikali alitoka nje kabla sijamaliza, na mpaka leo hunisemesha kwa maneno mawili tu: "Chai iko."

Mama Mbinya alinifuata mpaka langoni. Nikajiandaa kwa kofi. Akaangalia huku na huku akaniuliza, "Na hayo ya zamani, Kioko, hakuna hata kidogo kimebaki?"

Sikujua nicheke ama nilie. Nilimwambia, "Mama Mbinya, hukusikia nilichosema?" Akasema, "Nimesikia." Halafu akakaa kwenye jiwe la lango, akainua pindo la gauni mpaka kwenye kifundo cha mguu, akabonyeza kwa kidole gumba. Shimo likabaki pale, nyama haikurudi. Akaliangalia. "Na hii nayo ni ya nini?"

Alhamisi nilimpeleka. Niliubeba mkebe wako kwenye mfuko wa nailoni na nikauweka juu ya meza ya daktari kabla hajauliza lolote. Wamemwambia amefika mapema, aache kila kitu, ameze dawa, arudi baada ya wiki mbili. Amekasirika na mimi bado. Anasema sasa nitamnunulia skafu ya kufunika mashavu. Wengine watano wameleta vikopo. Wawili walivileta vikiwa vimekombwa vyote mpaka chini, kwa kidole.

Sasa ndiyo ahadi yangu, maana barua ya namna hii lazima iwe na ahadi. Aproni naitundika leo. Sitapika tena mafuta ya uso ya mtu yeyote mpaka kila aliyenunua yako awe amejua. Walio hapa Wote nitamaliza kuwaambia. Waliobaki ni wa Tseikuru. Uliwapelekea vikopo kupitia wake za wachuuzi wa mbuzi, na kuna mama mmoja kule, nilimjua nilipofuga, aliyechukua viwili vya binti yake. Binti ananyonyesha. Simu yao hailii, nimepiga tangu Jumatatu. Kesho asubuhi naenda mwenyewe, na nikifika pale barabara inapoishia nitatembea. Nitawaambia ni mafuta yako, na nitawaambia ni mimi niliyeyashuhudia mbele ya kanisa. Majina yote mawili.

Kaburi lako liko sawa. Nilipita Tulia nikang'oa magugu, nikapanga mawe pembeni, mstari umenyooka, ungenicheka. Lala, mwiitu wa mwaitu. Ninakukosa mpaka nakasirika, na nakasirika mpaka nakukosa. Watu wakiniuliza kama nimekusamehe nitanyamaza, na wakiniuliza kwa nini ulifanya hivyo nitanyamaza pia. Nimekusemea vya kutosha.

Ndugu yako,
Kioko